Petroli Nyingi si Dawa

Wanangu mnaojifunza ufundi pale Segera, gari la kabureta likija kwenu saa saba mchana, injini ikiwa ya moto baada ya mwendo wa kutoka Chalinze, na dereva ameacha choki imevutwa nusu ili lisimzimikie, msikimbilie bisibisi. Irudisheni choki mahali pake, mwambieni azime, awashe tena, kisha simameni mlisikilize. Dereva huyo amekuwa akiuficha ugonjwa njia nzima. Mkiongeza petroli kwenye skrubu ya kabureta mtakuwa mmemsaidia kuuficha vizuri zaidi. Atawalipa, atawashukuru, na injini yake itamwangusha huko Mombo, mbali na macho yenu.

Nawasemea hili kwa uchungu, kwa sababu naona kizazi cha mafundi ambacho jibu lake kwa kila swali ni petroli. Gari halikai sailensi, yaani halitulii likinguruma bila kukanyagwa mafuta, ongeza. Linamisi, ongeza. Haliwaki, mwagia mdomoni mwa kabureta. Najua wengi wenu mlianzia kwenye bodaboda, na bodaboda inavumilia mengi: injini ya silinda moja, kabureta ndogo, choki ya kusukuma kwa kidole. Mkihamia kwenye Land Rover ya shamba la mkonge, Datsun 1200 ya kubebea machungwa au Corolla ya mzee mstaafu wa Korogwe, mnakutana na silinda nne zinazogawana pumzi ya kabureta moja. Kosa dogo hapo linaumiza silinda zote.

Shikeni kwanza kazi ya choki. Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini iliyopata joto inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inang'ang'ania kuta za manifodi kama matone, na kinachofika kwenye silinda kikiwa mvuke ni kidogo, hakitoshi kushika moto. Choki inafunga kile kibati cha mviringo juu ya kabureta, hewa inapungua, mvuto wa injini unaongezeka, petroli inakuja kwa wingi, na mvuke unatosha. Ni msaada wa dakika chache tu. Asubuhi ya Julai kule Lushoto, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde, gari bila choki haliwaki. Februari pale njia panda ya Segera, jua likishapanda, mara nyingi gari zima halihitaji choki hata kidogo.

Sasa mtu anayeendesha na choki imevutwa kutoka Chalinze amefanya nini? Amemimina petroli mbichi ndani ya silinda kwa saa kadhaa. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, pistoni na ringi zinasuguana na chuma kikavu, na iliyobaki inateremka kwenye sampu kuichanganya oili. Chomoeni stiki ya kupimia oili mnuse. Ikinuka petroli, au kiwango kimepanda ilhali hakuna aliyeongeza, mwambieni mwenye gari abadilishe oili siku hiyohiyo, kabla hamjagusa kitu kingine. Ni maneno magumu kumwambia msafiri mwenye haraka, lakini mwambieni. Choki kwenye injini ya moto ni Panadol kwa mwenye malaria: kichwa kinapoa, mdudu anaendelea na kazi yake.

Gari likidai choki likiwa la moto, linawaambia moja kati ya mambo mawili. Ama petroli inayofika ni chache, ama kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Hapo chukueni kipande cha boksi gumu, toeni kichujio cha hewa, injini ikinguruma zibeni mdomo wa kabureta kidogo kidogo. Sailensi ikitulia, mmethibitisha kuwa mchanganyiko ni mwembamba. Nasema boksi, nasisitiza boksi, kwa sababu nimeona kijana akiziba kwa kiganja na injini ikarudisha moto.

Kisha mtafute hewa. Kabla ya kununua chochote, angalieni mpira unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye busta ya breki. Ule huchanika upande wa chini msikoona. Angalieni kimpira chembamba kinachokwenda kwenye distribyuta. Angalieni gasketi iliyo chini ya kabureta na ile ya manifodi. Shikeni shafti ya kibati cha chini cha kabureta, kile kinachoendeshwa na pedeli ya mafuta, muitikise: ikicheza, imelika, na hewa inapita pembeni yake kila wakati. Wengi wenu hupuliza petroli kwenye maungio kutafuta panapovuja. Acheni mchezo huo juu ya injini ya moto. Maji ya sabuni yanatosha: pakeni kwenye maungio, na pale povu linapovutwa ndani, au mngurumo unapobadilika, ndipo penye tundu. Sabuni ya kipande haiwezi kukuunguza uso.

Msipokuta hewa, rudini kwenye moto kabla ya kufungua kabureta. Kabureta husingiziwa dhambi nyingi za plagi na platini. Toeni plagi zote mzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi ya rangi ya kahawia iliyopauka inafanya kazi vizuri. Nyeusi yenye masizi imelishwa petroli kupita kiasi. Nyeupe inaungua kwa ukavu. Zikiwa tatu nzuri na moja nyeusi na imelowa, ugonjwa uko kwenye waya, plagi au valvu ya silinda ile, na hakuna skrubu ya kabureta itakayomponya mgonjwa mmoja kati ya wanne. Fungueni distribyuta mwangalie platini. Nafasi yake kwenye magari mengi ya zamani ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Platini zikiwa zimeungua na kuota vipele, hakuna sailensi itakayotulia. Pimeni pia nafasi za valvu. Kazi hii haina sifa, hakuna mteja anayeiona, lakini ndiyo inayowatenga mafundi na wababaishaji.

Kuna jambo dogo ambalo limewagharimu watu fedha nyingi bure. Kabureta nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, pamoja na nyingi za Kizungu, zina kivalvu cha umeme ubavuni. Kazi yake ni kukata petroli ya sailensi mara swichi inapozimwa, injini isiendelee kujikokota. Waya wake ukichomoka, au fyuzi yake ikikatika, gari linakimbia vizuri barabarani, lakini ukitoa mguu kwenye mafuta linazima papo hapo. Washeni swichi bila kupiga stata, gusisheni ule waya, msikilize mlio wake mfupi. Hakuna mlio, hakuna sailensi. Mtu anabadilishiwa kabureta nzima kwa waya uliochomoka!

Baada ya hayo yote, sasa fungueni kabureta. Petroli ya sailensi hupita kwenye jeti ndogo kuliko zote. Katika kabureta nyingi, namba iliyogongwa juu ya jeti ni kipimo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita; namba 50 maana yake tundu ni nusu milimita. Chembe ya kutu kutoka kwenye tangi inaliziba. Gari lililosimama miezi mingi nyuma ya nyumba, petroli yake imekauka ikaacha utomvu, nao unaliziba vilevile. Na hapa ndipo naona mikono ikienda kwenye waya wa breki ya baiskeli ili kuzibua. Shaba ya jeti ni laini. Ukiisugua kwa waya tundu linapanuka, namba bado inasoma 50 lakini ndani imekuwa kitu kingine, na mwenye gari atalipia petroli hiyo kila siku hadi gari liuzwe. Lowekeni, kisha pulizeni kwa kompresa ya wajaza upepo wa matairi, muitazame juani. Mwanga ukionekana wa mviringo safi, inatosha.

Land Rover za zamani zenye kabureta ya Zenith zina ugonjwa wao wa ukoo. Uso unaokutanisha sehemu ya juu na ya chini hupinda kwa joto na kwa mikono inayokaza kwa nguvu, na kile kipete cha mpira kilichomo ndani huchakaa. Zungusheni skrubu hadi jua lizame, sailensi haitakuja. Dawa yake ni kulaza uso ule juu ya kioo chenye msasa laini, kuusugua taratibu hadi unyooke, na kuweka kipete kipya. Datsun 1200, kinyume chake, iliwahurumia mafundi: kabureta yake ya Hitachi ina kijidirisha cha kioo, na kiwango cha petroli ndani ya chemba kinaonekana bila kufungua kitu. Kikiwa juu ya alama, tatizo ni floti au sindano yake.

Skrubu ya mchanganyiko ni ya mwisho kabisa. Izungusheni ndani kwa vidole viwili hadi iguse, bila kukaza, kisha irudisheni mzunguko mmoja na nusu. Huo ni mwanzo tu. Injini ikiwa na joto kamili na choki imefunguka yote, tafuteni pale mngurumo unapokuwa laini zaidi, halafu ndipo mpunguze kasi kwa skrubu ya pedeli ya mafuta hadi mizunguko kama 700 au 800 kwa dakika, au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Anayeikaza skrubu hii kwa bisibisi hadi mwisho anaumiza ncha yake iliyochongoka na kiti chake. Kabureta iliyoumia hapo haipangiki tena.

Kabla ya kugusa hiyo skrubu, mwulizeni mwenye gari swali ambalo mafundi wa miji mingine hawana haja nalo sana: gari hili linaishi wapi? Segera ndipo yanapokutana magari ya pwani na ya milimani. Tanga iko usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, juu ya kilomita 33 za kona kutoka Mombo, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Gari lililopangwa Tanga likipanda Lushoto linakula petroli nyingi kwa hewa chache, plagi zinafanya masizi, moshi unakuwa mweusi. Lililopangwa Lushoto likishuka pwani linakuwa kavu, na mwenyewe anagundua kwamba akivuta choki kidogo linakwenda vizuri. Huyo hana ugonjwa wowote. Ikiwa kesho anarudi mlimani, mwacheni aende zake na skrubu yake, mkimwonya asiivute choki. Ikiwa amehamia Tanga, mpangieni upya.

Lipo pia gari linalosimama Michungwani, abiria wananunua machungwa na kupiga soga, na wakirudi haliwaki. Injini ikizimwa, feni imesimama, maji yamesimama, joto lote linapanda kwenye kabureta. Petroli inachemka ndani ya chemba na kumwagikia kwenye manifodi. Dereva anavuta choki, jambo baya kuliko yote awezayo kufanya wakati huo, kisha anapampu pedeli ya mafuta, na kila pampu inarusha petroli nyingine. Mfundisheni afungue choki yote, akandamize pedeli taratibu hadi chini, aishikilie hapo bila kuipampu, na apige stata. Hewa itaingia kwa wingi na kukausha. Ikiwa ni bomba lililojaa mvuke na pampu haivuti, kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba kinasaidia. Maji hayo yasifike kwenye manifodi ya moto, chuma kitapasuka.

Tena, gari lililokuwa zima jana na leo linadai choki nusu saa kabla ya kutulia, mwulizeni alijaza wapi. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hayatoi mvuke upesi yakiwa baridi. Uovu huu ulienea nchini hadi mamlaka ya nishati, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Umepungua, lakini petroli ya kwenye chupa huko vijijini haina mkaguzi. Dondosheni tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka upesi na kutoweka. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Nimekuja kwenye jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimewadhulumu. Petroli mnaizoea. Mnaiweka kwenye kopo lililokatwa, mnaitia mdomoni mwa kabureta huku mwenzenu akipiga stata. Injini ikirudisha moto, na injini yenye taimingi mbovu hurudisha moto, kopo lililoko mkononi linashika. Binadamu kwa silika hulirusha, na humrushia aliye jirani yake. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi karibu 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Handeni. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautapanda juu kupotea. Unatambaa chini, unapita chini ya gari, unakwenda kulitafuta jiko la mama lishe aliye hatua chache kutoka hapo mlipo. Wekeni kopo lenye kifuniko, mbali na injini. Lazima mtie kidogo kwenye kabureta? Tieni kwa kifuniko cha chupa, ondoeni kopo, rudisheni kichujio cha hewa, ndipo mtu apige stata. Na ndoo ya mchanga iwe karibu, kwa kuwa maji yatausambaza moto wa petroli.

Msinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Tone linalopotea njia na kuingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitalini au kumuua, na aliyeimeza asitapishwe, maana ikirudi ndipo inapoingia mapafuni. Apelekwe kwa daktari mara moja. Msioshe mikono kwa petroli. Mafundi wa rika langu walifanya kazi na petroli yenye madini ya risasi, na hakuna aliyewaambia. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 ndio ulioamua iondolewe katika nchi za kusini mwa Sahara, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Risasi imekwenda, benzini imebaki, nayo huleta saratani ya damu. Mafuta kidogo ya kula, kisha sabuni ya unga, yanatoa girisi yote.

Na floti ya shaba iliyotoboka, msiipelekee moto. Ndani yake mna petroli. Itumbukizeni kwenye maji ya moto yaliyotolewa jikoni, nje penye upepo. Mapovu yatawaonyesha tundu, na petroli ya ndani itatoka ikiwa mvuke. Irudieni hadi isitoe harufu wala mlio wa kitu ndani ukiitikisa, ndipo mguse kwa risasi ya kuziba, tena kidogo sana, kwa sababu uzito ukiongezeka kiwango cha petroli kitapanda na mtarudi kwenye gari linalokula mafuta. Ikiwezekana kupata mpya, nunueni mpya.

Mwisho kuna yale malori. Matangi ya mafuta yanapita hapo njia panda mchana na usiku, yakitoka Tanga na Dar es Salaam. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na tangi likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Kenya walikwishazika zaidi ya mia kwa namna hiyohiyo huko Sachangwan, Januari 2009. Mnajua zaidi ya jirani zenu wote pale Segera mvuke wa petroli ni kitu gani, na mna sauti inayosikika na vijana wa bodaboda. Lori likianguka, zimeni injini za karibu, zimeni majiko, zimeni sigara, rudisheni watu nyuma upande upepo unakotoka, na mpigie Zimamoto kwa 114 mkiwa mbali. Anayekuja na dumu mnyang'anyeni, hata awe kaka yenu.